Riwaya ya Kwanza ya Mapenzi Imetoka Kiwandani: Mwongozo Kamili wa Kuuza Nakala 300 za Mwanzo Arusha na Moshi

Waandishi wapya hukwama mahali palepale. Kitabu kimechapwa, picha za jalada zimepostiwa, ndugu na marafiki wamepongeza, halafu kimya. Miezi sita baadaye maboksi bado yapo uvunguni, nakala arobaini ziko kwa watu wasiokumbuka kama walizichukua, na pesa ya uchapaji haijarudi. Mara chache tatizo huwa ni hadithi yenyewe. Mara nyingi nakala zilitoka bila kuandikwa popote, PDF ikavuja, na msomaji aliyependa kitabu akakosa pa kumpata mwandishi.

Mwongozo huu ni wa anayeanza na nakala 300, awe amejichapishia au amenunua nakala kutoka kwa mchapishaji wake. Hesabu zote zinafuata mfano mmoja: kitabu cha A5, kurasa 176, gharama ya kuchapa shilingi 5,000 kwa nakala, bei ya kuuzia 12,000. Weka tarakimu zako mahali pa hizi.

## Andaa hivi kwanza

- Kaunta buku moja la kwaya mbili, na kitabu cha risiti chenye kaboni.
- Laini ya pili ya simu iliyowekewa WhatsApp Business, pamoja na lipa namba.
- TIN (namba ya mlipakodi) kutoka TRA. Kuipata ni bure.
- ISBN (namba ya kimataifa ya utambulisho wa kitabu) ikiwa tayari imechapwa nyuma ya kitabu, pamoja na bakodi.
- Karatasi za A4 zisizopungua 75 za kutengenezea vikaratasi vya ndani ya kitabu.
- Mbao za kuwekea maboksi na nailoni ya kufunika.
- Bahasha za kaki zinazoingiza A5, selotepu, penseli.

Lipa namba tunaisisitiza kwa sababu moja zaidi ya urahisi. Waandishi wengi wa mapenzi hutumia jina la kalamu, na mtu akikutumia pesa kwa namba ya kawaida, jina ulilosajilia laini linatokea kwenye ujumbe wake. Lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara inakuficha. Laini ya pili nayo inakukinga, hasa mwandishi wa kike: wapo watakaodhani anayeandika mapenzi anatafuta mpenzi, na ni rahisi kuwafungia kwenye laini ya kazi kuliko kwenye namba anayotumia mama yako.

## Hatua ya 1: Kagua mzigo kabla ya kumalizia malipo

Usilipe pesa ya mwisho kabla ya kufungua maboksi. Toa nakala moja katika kila kumi na uipekue yote.

Kitabu kikichapwa kwa ofseti, karatasi kubwa hukunjwa kuwa vifungu, mara nyingi vya kurasa 16. Kurasa 176 ni vifungu 11. Kwa hiyo ukurasa mmoja kupotea si jambo la kawaida. Linalotokea ni kifungu kizima kurukwa, kurudiwa au kuingizwa kichwa chini. Angalia mipaka: ukurasa wa 16 na 17, 32 na 33, 48 na 49, mpaka mwisho. Kikichapwa kwa mashine ya dijitali, kaza macho zaidi kwenye gundi na wino: fungua katikati kabisa, bana kwa kiganja, kisha shika ukurasa mmoja na uuvute taratibu. Ukitoka, gundi haikushika.

Kwa nini ujisumbue hivi? Msomaji wa mapenzi akifika pale mhusika anapotaka kusema ukweli, akageuza ukurasa na kukuta sura aliyokwisha kuisoma, harudishi kitabu. Anawaambia wenzake wasikinunue.

Nakala moja ya ukubwa huu kwenye karatasi ya gramu 80 ina uzito wa karibu gramu 240. Boksi la nakala 40 linakaribia kilo 10, linabebeka kwa bodaboda, na mzigo wote ni kama kilo 72. Ukipakia boksi la kilo 25, sehemu ya chini hupasuka na kona za vitabu hupondeka.

Weka maboksi juu ya mbao, shubiri moja kutoka ukutani, yasiguse sakafu ya saruji. Masika ya Machi hadi Mei huku huingiza unyevu kwenye karatasi, na jalada likianza kujikunja halinyooki tena.

Utajua umefaulu ukiwa na idadi kamili ya nakala nzima, na karatasi ya makabidhiano iliyotiwa sahihi na wewe na mchapaji, yenye idadi ya nakala mbovu atakazofidia.

## Hatua ya 2: Nyaraka

Hakimiliki ni yako tangu ulipoandika. Ndivyo ilivyo chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Hata hivyo sajili kazi COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, kwa sababu siku mtu akiisoma riwaya yako YouTube kama yake, cheti ndicho kitakachofupisha mabishano.

ISBN hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Ina tarakimu 13, na kitabu cha karatasi na cha kielektroniki kila kimoja kinahitaji namba yake. Usinakili namba ya kitabu kingine ili tu nyuma pasikae wazi. Duka likiskani, litatokea jina la mtu mwingine. Nakala zinazotakiwa kisheria kupelekwa maktaba zitenge mapema.

Kama una mchapishaji, soma mkataba upya sasa na utafute mambo manne: mrabaha (sehemu yako ya mauzo) unakokotolewa kwenye bei ya kitabu au kwenye kinachobaki baada ya punguzo la maduka, mkataba unaisha lini, unaruhusiwa kununua nakala zako kwa bei gani, na haki za filamu na sauti ni za nani. La mwisho lina uzito kwa riwaya ya mapenzi kuliko vitabu vingine, maana hadithi hizi ndizo watengeneza filamu na wasomaji wa simulizi za sauti huzitafuta. Kama haki hizo zimemezwa na neno "haki zote", omba marekebisho kabla kitabu hakijapata jina.

## Hatua ya 3: Gawa nakala 300 kwenye karatasi kabla hazijatoka

Andika penseli namba ya kila nakala, 001 hadi 300, ndani ya jalada la nyuma. Kisha gawa:

- 15 za bure: maktaba, wasomaji wa kwanza, watangazaji wa redio.
- 125 za kuuza mwenyewe, mkono kwa mkono au kwa kutuma.
- 100 za mali kauli na wauzaji, yaani wanachukua sasa na kukulipa wakishauza.
- 60 za akiba ya Desemba, zisiguswe.

Hiyo 125 ina maana yake. Umetumia 1,500,000 kuchapa. Nakala 125 kwa 12,000 zinairudisha yote. Kwa duka linalobaki na asilimia 30 unapata 8,400, na ungehitaji kuuza nakala 179 kufika palepale. Anayetegemea maduka peke yake kwa chapa ndogo anasubiri sana.

Onyo kuhusu za bure: ndugu wataomba, na wengi watasema "mimi ni wa nyumbani". Kila nakala ya bure ni 5,000 imetoka mfukoni. Zikiisha 15, jibu liwe moja kwa wote: "Za kugawa zimeisha, ila nakuwekea sahihi kwenye yako." Shangazi atanuna siku mbili, halafu atanunua.

Uzinduzi wa ukumbini, wenye mgeni rasmi na vinywaji, tunashauri uuache kwa kitabu cha tatu. Gharama yake inachapa nakala nyingine mia.

## Hatua ya 4: Andika maneno ya kuuzia

Maneno ya nyuma ya jalada ndiyo utakayoyatumia kwenye WhatsApp, kwa mwenye duka na redioni. Mengi yanayoletwa yako hivi:

*"Hii ni riwaya ya mapenzi yenye kusisimua, kuelimisha na kuburudisha. Inamhusu Neema, msichana aliyepitia changamoto nyingi katika mapenzi. Isome ujifunze mengi."*

Hayo yangeweza kukaa nyuma ya kitabu chochote. Linganisha na haya:

*"Neema alishawaambia nyumbani Machame kwamba Krismasi hii anakuja na mchumba. Mbuzi ameshanunuliwa, mashangazi wameshashona sare. Ila mchumba alimwacha Agosti. Elia, dereva wa watalii, anadaiwa na Neema laki nne asizoweza kuzilipa. Neema anampa njia: siku tano Machame, aigize mchumba, deni lifutwe. Siku ya pili bibi anamwita Elia migombani na kumwuliza swali ambalo Neema mwenyewe hajathubutu kujiuliza."*

Humo kuna watu wawili wenye majina na kazi, kila mmoja ana shida yake, muda unahesabika, na swali limebaki wazi. Mwisho haukutajwa. Maneno hayafiki 80, kwa hiyo yanasomeka kwenye simu bila kubonyeza "soma zaidi" mara mbili.

Kama jalada limekwisha kuchapwa na maneno mabovu, usilie. Chapa maneno mapya kwenye vikaratasi: karatasi moja ya A4 inatoa vipande vinne, 75 zinatosha vitabu vyote. Upande mmoja weka maneno hayo, upande wa pili weka namba ya WhatsApp na sentensi moja: "Ukimaliza, niandikie neno ENDELEA nikutumie sura ya kwanza ya kitabu kijacho." Chomeka kimoja kila kitabu. Kikaratasi hiki ndicho kinachogeuza mnunuzi kuwa msomaji wako, na wengi hukiruka.

Jambo la wazi kuhusu maudhui: jalada likiahidi mapenzi, wahusika wawili waishie pamoja au wakiwa na tumaini la wazi la kuwa pamoja. Ukimwua Elia ukurasa wa 170 ili kutoa funzo, msomaji atajiona ametapeliwa. Na faragha za chumbani zipime: Kanuni ya Adhabu inakataza biashara ya machapisho ya uchafu, na mwenye saluni hataweka mezani kitabu atakachokificha mchungaji akiingia.

## Hatua ya 5: Uza kwa simu, kwa utaratibu

Orodha ya matangazo ya WhatsApp huchukua watu 256, lakini ujumbe humfikia tu aliyehifadhi namba yako. Hapa ndipo wengi hudhani wamepuuzwa. Kwa hiyo ujumbe wa kwanza, wa mtu mmoja mmoja, uombe jambo moja tu:

*"Dada Upendo, habari za kazi. Hii ni namba yangu ya vitabu, naomba uihifadhi. Ijumaa natuma kurasa tatu za mwanzo za riwaya yangu."*

Ijumaa jioni tuma kurasa hizo tatu kama maandishi. Jumamosi asubuhi tuma picha ya kitabu kikiwa mkononi, bei, lipa namba na siku ya kupeleka. Usitume bei kabla ya kurasa; mtu hununua akishataka kujua kilichotokea.

Anayelipa anapata risiti, sahihi na jina lake kwenye kitabu. Ndani ya mji tuma kwa boda. Mji mwingine tuma ofisi ya mizigo ya basi, piga picha risiti ya mzigo na umtumie mteja palepale. Nauli ya kifurushi iandikwe kando ya bei, isimezwe ndani yake, la sivyo mteja wa Njiro anamlipia mteja wa Same.

Punguzo wataomba, ni desturi. Weka kanuni moja: anayechukua tatu au zaidi analipa 10,000 kila moja. Chini ya hapo usishuke kwa msomaji, kwa sababu duka lililochukua kwa 8,400 likisikia wewe unauza 9,000 mtaani litakurudishia vitabu vyote.

Dalili nzuri: kati ya wanunuzi kumi, wawili au watatu wanaandika ENDELEA. Asipoandika hata mmoja baada ya nakala arobaini, chunguza kitabu chenyewe. Waulize wameishia ukurasa gani.

## Hatua ya 6: Mali kauli bila kulia

Hapa ndipo nakala nyingi hupotea, na wa kulaumiwa si wauzaji. Mtu aliyeachiwa vitabu ishirini bila karatasi, bila tarehe na bila kumwona mwandishi kwa miezi miwili, atauza, atatumia pesa, na atasahau.

Anza na wauzaji wachache ambao wateja wao wanawake hukaa kwao muda mrefu. Saluni ni bora kuliko duka la vitabu kwa riwaya ya mapenzi. Kusuka rasta huchukua saa nyingi na mteja amekaa tu. Ila usiache kitabu kizima cha kusomwa pale. Atakimaliza kwa misuko miwili. Acha kijitabu cha sura tatu za mwanzo, fotokopi iliyopigwa stepla, mwisho wake pameandikwa "Kitabu kipo hapa, muulize dada." Pembeni ziwe nakala tatu za kuuza.

Arusha anzia Sakina, Kijenge na Njiro, ambako Chuo cha Uhasibu kina wanafunzi wengi. Moshi anzia Majengo, Soweto na maeneo ya Chuo Kikuu cha Ushirika, halafu wauguzi wa hospitali za KCMC na Mawenzi, ambao zamu za usiku huwafanya wasomaji wazuri. Vikundi vya vikoba navyo ni soko zuri: hukutana kwa ratiba, pesa iko mezani, na mmoja akisoma wiki hii wengine watauliza wiki ijayo. Omba dakika tano mwisho wa kikao, baada ya hisa kuhesabiwa.

Kila unapoacha nakala, andika mstari kamili:

*12 Novemba. Saluni, Majengo, Moshi. Nakala 3, namba 041 hadi 043. Kuuza 12,000, kwangu 9,600. Kurudi 26 Novemba. Sahihi yake, sahihi yangu.*

Asilimia 20 inatosha saluni kwa sababu haitoi nafasi ya rafu. Duka la vitabu jiandae kulipa 30, wakati mwingine zaidi. Namba za nakala zinazuia mabishano: ukikuta namba 042 mezani pa mtu mwingine, unajua ilipopitia.

Kanuni tatu zisizovunjwa. Saluni haipati zaidi ya nakala tatu mara ya kwanza, duka si zaidi ya tano. Unarudi siku uliyoandika, hata kama hakijauzwa kimoja. Na hakuna nakala mpya kabla ya pesa ya zilizouzwa kulipwa yote.

Namna ya kudai ina adabu yake. "Shikamoo mama, za tangu siku ile. Nimekuja tuhesabu vile vitabu vyetu." Hesabu vilivyobaki mbele yake, taja kilichouzwa, pokea, andika risiti. Akisema pesa ameitumia, usigombane. Chukua nakala zilizobaki, andika deni na tarehe, na pale usirudi na mzigo mpaka alipe. Kupoteza nakala mbili ni nafuu kuliko kuongeza tano juu yake.

Wauza vitabu wa barabarani na wa stendi hawafai kwa mali kauli, maana leo yuko hapa kesho yuko kwingine. Wauzie taslimu kwa 8,000, wajipangie faida yao.

Arusha na Moshi ziko umbali wa karibu kilomita 80. Panga Moshi yote siku moja kila wiki mbili, ukusanye na kujaza kwa mzunguko mmoja. Ukikimbilia kila simu ya "leta kimoja", nauli itakula faida yote.

Umefaulu kama baada ya mizunguko mitatu una vituo sita hadi kumi vinavyolipa bila kukumbushwa. Vingine vifunge.

## Hatua ya 7: Linda PDF

Usimtumie mtu yeyote faili zima. Hata rafiki, hata anayesema anataka kuandika uhakiki. Faili likiingia kundi moja la simulizi halirudi, na waliolipata hawatanunua karatasi.

Anayetaka kusoma kwa simu muuzie kwa sehemu, kama hadithi za "itaendelea" zinavyouzwa: sura tatu kwa malipo, kisha tatu nyingine. Weka jina lake na tarakimu nne za mwisho za simu yake chini ya kila ukurasa. Haizuii wizi kabisa, ila mtu husita kusambaza kitu chenye jina lake. Sura mbili za mwisho zibaki kwenye karatasi tu mpaka chapa ya kwanza iishe.

## Hatua ya 8: Fuata majira ya huku

Desemba ndiyo mavuno. Wachaga wanarudi nyumbani Rombo, Marangu, Kibosho, Uru na Machame. Stendi ya Moshi inajaa, watu wana pesa na wana siku za kukaa tu. Zile 60 za akiba zitoe wiki ya pili ya mwezi, na uwe na meza au muuzaji karibu na stendi hadi tarehe 24. Ukiuza kitabu kama zawadi iliyokwisha kufungwa kwenye karatasi, na nafasi ya kuandika jina la mpokeaji, hutabishaniwa bei.

Januari usihangaike: ni ada na sare za shule. Tumia mwezi huo kuandika. Maagizo ya 14 Februari yaanze kupokelewa wiki tatu kabla, na malipo yakamilike tarehe 10 ili boda zisikuzidi. Masika punguza safari. Vyuo vikifunguliwa na bumu (pesa ya mkopo wa wanafunzi) likaingia, rudi kwenye hosteli wiki hiyohiyo; wiki mbili baadaye pesa haipo.

## Hatua ya 9: Kitabu cha pili na chapa ya pili

Msomaji wa mapenzi humaliza kitabu siku mbili tatu na kuuliza kingine. Anza cha pili kabla ya kuuza nakala ya mia, na mchukue mhusika wa pembeni wanaomuulizia kwenye WhatsApp, mdogo wake Neema kwa mfano, umpe hadithi yake. Hutahitaji kutafuta wasomaji upya.

Agiza chapa ya pili pale nakala 210 zitakapokuwa zimelipwa taslimu. Zilizo mikononi mwa wauzaji usizihesabu kabisa. Agiza 200. Mchapaji atakuonyesha kwamba 1,000 ni bei nafuu zaidi kwa nakala, na ni kweli, ila mia nane za ziada zitakaa juu ya mbao zikinyonya unyevu wakati pesa yake ingechapa kitabu cha pili.

Kabla faili halijarudi kiwandani, rekebisha makosa ya chapa waliyokuandikia wasomaji, badilisha maneno ya jalada kama ulitumia vikaratasi, na hesabu kurasa. Hadithi ikiishia ukurasa wa 169, umebakiwa na kurasa saba ambazo utazilipia hata zikiwa tupu. Weka humo mwanzo wa kitabu cha pili, ukate katikati ya mazungumzo, na chini yake namba ya WhatsApp.